Nusu Digrii ya Kericho: Klasta, Malaria na Kipimajoto

Tangu niandike kuhusu kuunganisha kompyuta nne za mitumba ziwe klasta moja, swali ninaloulizwa sana ni hili: sasa klasta ni ya kazi gani huku kwetu? Mtu wa Bomet ana ng'ombe wake, ana chai yake, ana simu ya M-Pesa mfukoni. Kompyuta nne zinazonguruma usiku kucha zitamfaa nini? Ni swali la haki. Leo nalijibu kwa kisa cha kweli kilichotokea kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kisa kilichowafanya wanasayansi wa Uingereza, Marekani na Kenya wabishane kwa karibu miaka kumi kwenye majarida makubwa ya dunia.

Kisa chenyewe ni cha malaria. Kwa msomaji wa Mombasa au Kisumu malaria ni mgeni wa kila mwaka, mwili umeshamzoea. Milimani sivyo. Mashamba mengi ya chai ya Kericho yako kati ya mita 1,800 na 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri huku si ya mchezo. Kwa kuwa watu hawakui wakiumwa malaria mara kwa mara, miili yao haijengi kinga. Basi ugonjwa ukija huja kama mafuriko, unashika mkubwa na mdogo kwa mwezi mmoja, na unaua hata watu wazima wenye nguvu zao. Tayari mwaka 1945 daktari Mwingereza P. C. C. Garnham aliandika kuhusu milipuko ya malaria kwenye vimo ambavyo hakuna aliyetarajia mbu wa malaria afanikiwe, ikiwemo ya Londiani, ambapo leo ni Kaunti ya Kericho.

Kampuni za chai zilipoingia Kericho miaka ya 1920 zilikuta tatizo hilo na nyingine zikalizidisha, maana zilileta wafanyakazi kutoka nyanda za chini karibu na Ziwa Victoria, na wengine walikuja na vimelea damuni. Baadaye dawa za kinga na za kupuliza mbu zikatuliza mambo. Miaka ya 1960 ilikuwa shwari. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, milipuko ikarudi, na miaka ya 1990 ikawa mibaya. Hapo ndipo swali likazaliwa: kwa nini imerudi? Je, Kericho imepata joto zaidi kuliko zamani, au kuna sababu nyingine?

Kwa nini wanasayansi waliikimbilia Kericho na si mahali pengine? Kwa sababu ya karatasi. Kampuni iliyokuwa ikiitwa Brooke Bond ilikuwa na mashamba yenye watu kama 50,000, wafanyakazi na jamaa zao, ikiwatibu katika zahanati zake na hospitali kuu moja, na kila aliyelazwa aliandikwa. Rekodi hizo za kila mwezi zinarudi nyuma hadi miaka ya 1960. Katika Afrika Mashariki rekodi ndefu namna hiyo, ya watu wale wale, katika hospitali ile ile, ni adimu kama maziwa ya kuku. Lakini niseme pia kile ambacho makala nyingi hazikisemi kwa sauti: waliohesabiwa ni watu wa shamba la kampuni. Mkulima mdogo wa nje ya ua, aliyeugulia nyumbani au kwenye zahanati ya misheni, hayumo kwenye faili hilo. Tukisema "data ya Kericho" tukumbuke ni Kericho ipi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hii ni blogu ya programu na najua mmekuja kwa hilo. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Kimelea lazima kikomae kwanza ndani ya mbu, na kasi ya kukomaa inategemea joto. Kanuni inayotumiwa hadi leo inatokana na kazi ya mwanasayansi wa Kisovieti T. S. Detinova, iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962. Kwa kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, kanuni ni mstari mmoja wa msimbo. Wa pili nimeuongeza mimi, nikichukulia kwamba kati ya mbu kumi tisa huiona kesho:

siku = 111 / (joto - 16)
hai = 0.9 ^ siku

Wastani wa joto la Kericho huchezea digrii 17 au 18. Weka 18 kwenye kanuni: siku 55.5. Mbu wa kuishi siku 55 ni wa kutafuta kwa tochi. Mstari wa pili unasema ni kama 3 tu kwa kila 1,000. Sasa ongeza nusu digrii, iwe 18.5. Siku zinashuka hadi 44.4 na mbu wanaofika ni kama 9 kwa 1,000. Wamekuwa mara tatu! Rudi nusu digrii chini, iwe 17.5: siku 74, na wanaobaki ni 4 kwa kila 10,000. Kwa hiyo kutoka 17.5 hadi 18.5, digrii moja ambayo wewe mwenyewe huwezi kuihisi ukiwa umevaa sweta, idadi ya mbu hatari inazidishwa mara 22 hivi.

Chukua kanuni hiyo hiyo uipeleke Kisumu ambako joto liko juu ya 22: ukikosea nusu digrii hakuna linaloharibika sana. Kericho imekaa juu ya kizingiti chenyewe, pale ambapo mstari unapinda kwa ghafla. Hapo kosa dogo la kuingiza data linazaa kosa kubwa la jibu. Nawaomba mshike nusu digrii hiyo, ndiyo kisa chote.

(Kabla jamaa wa biolojia hawajanivamia: ndiyo, najua mbu hakai ndani ya kituo cha hali ya hewa. Anapumzika ndani ya nyumba, na ndani kuna joto zaidi kuliko nje. Tena mwaka 2009 Paaijmans, Read na Thomas walionyesha kwamba joto linalopanda mchana na kushuka usiku hukomaza kimelea haraka kuliko wastani wake unavyodai, hasa sehemu za baridi. Hesabu yangu ni ya kuonyesha umbo la tatizo.)

Basi ukitaka kujua kama joto ndilo lililorudisha malaria, unahitaji rekodi ya joto ya miaka mingi. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha makala katika jarida la Nature. Walichukua sehemu nne za milimani, Kericho, Kabale ya Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi, wakaangalia hali ya hewa kuanzia 1911 hadi 1995. Jibu lao: hakuna badiliko la maana la joto wala la mvua, si kwa karne nzima wala kwa kipindi ambacho malaria ilirudi. Tafuteni sababu kwingine, walisema, na mojawapo iliyokuwa wazi ni usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Wengi wetu tuna wazazi waliomeza klorokwini ikagoma, na Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998.

Ubishi huu ulikuwa na pesa na roho za watu ndani yake. Kama sababu ni dawa, unabadilisha dawa. Kama sababu ni joto, unahitaji pia mfumo wa kutahadharisha mapema, na unajua kwamba vijiji vya juu zaidi ambavyo havijawahi kuona malaria viko njiani.

Lakini joto la Kericho la mwaka 1911 walilitoa wapi? Hapa ndipo mtu wa programu anapaswa kuinuka kitini. Lilitoka kwenye hifadhidata ya Climatic Research Unit ya Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Hifadhidata hiyo imeigawa nchi kavu yote ya dunia katika miraba ya nusu digrii ya latitudo kwa nusu digrii ya longitudo, na kila mraba umepewa namba moja ya joto kwa kila mwezi. Pale palipo na kituo cha hali ya hewa namba inatokana na kituo. Pasipo na kituo, programu inakisia kwa kutumia vituo vya jirani. Na pasipo na jirani wa kutosha, thamani inavutwa kurudi kwenye wastani wa kawaida wa mahali hapo. Yaani ukosefu wa data unaandikwa kama "hakuna kilichobadilika". Kwa watengenezaji wa programu, hii ni sawa na kuweka sifuri pale palipopaswa kuwa na tupu. Haikuwa siri, walioitengeneza walieleza wazi, na kwa ramani ya dunia nzima ni uamuzi wa busara. Tatizo linaanza unapoinyoosha hadi kwenye shamba moja.

Tazama ramani. Nusu digrii karibu na ikweta ni kilomita 55 hivi (ile 111 ya kilomita kwa digrii moja haihusiani na 111 ya Detinova, ni sadfa tu). Mraba wenye mji wa Kericho una pia Muhoroni, kule kwenye miwa. Waliosafiri na matatu kutoka Kericho kuteremka kwenda Muhoroni wanajua: unavua sweta njiani. Tofauti ya kimo ni zaidi ya mita 700, na joto hubadilika kwa digrii sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo ndani ya mraba mmoja kuna tofauti ya digrii nne au tano, na sisi tunatafuta nusu.

Majibu hayakukawia. Mwaka huo huo wa 2002 Jonathan Patz na wenzake, akiwemo Mkenya Andrew Githeko wa KEMRI, waliandika katika Nature hiyo hiyo kwamba data ya aina ile haifai kushushwa hadi kwenye eneo dogo lenye milima na mabonde. Kilichonifurahisha ni kwamba miongoni mwa waliosaini alikuwepo Mike Hulme, mmoja wa wale wale waliotengeneza hifadhidata. Hebu fikiria umeandika maktaba ya msimbo, mtu anaitumia kwa kazi usiyoikusudia, nawe unalazimika kuandika gazetini kwamba siyo hivyo. Hay na wenzake nao walitetea kazi yao, na mjadala ukaendelea.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walirudia hesabu kwa sehemu zile zile nne, wakitumia data ya 1950 hadi 2002. Wao waliona joto likipanda. Kisha wakafanya jambo la pili: waliingiza joto hilo kwenye modeli ya idadi ya mbu, wakaonyesha kwamba badiliko dogo la joto linaweza kutoa badiliko la mbu kubwa zaidi ya mara kumi. Ukikumbuka ile mistari yetu miwili ya msimbo huwezi kushangaa.

Mpaka hapo hesabu zote hizi zingeweza kukaa kwenye kompyuta moja. Klasta inaingia pale unapotaka kuiga watu badala ya wastani. Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, mjini Basel, ilikuwa inatengeneza programu ambayo leo inaitwa OpenMalaria. Programu hii inaunda kijiji cha kubuni chenye watu maelfu, kisha inamfuata kila mmoja kwa hatua za siku tano tano: ameumwa na mbu, ana vimelea vingapi, amejenga kinga kiasi gani, amepelekwa zahanati, amepona au amekufa. Kila uigaji una bahati nasibu ndani yake, kwa hiyo kuuendesha mara moja hakukuambii kitu. Unahitaji kurudia mara mamia, na mara mamia tena kwa kila mpango unaotaka kuujaribu: vyandarua peke yake, dawa peke yake, vyote viwili, na kadhalika.

Basel hawakuwa na kompyuta za kutosha. Walichofanya ni kuomba dunia. BOINC ni mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye mradi wa SETI@home wa kutafuta viumbe wa anga za mbali, nao unamwezesha mtu wa kawaida kuazima kompyuta yake ya nyumbani ikiwa haitumiki. Mwaka 2006 CERN na washirika wake walizindua Africa@home, na mradi wake wa kwanza ulikuwa malariacontrol.net, uigaji wa malaria kwenye kompyuta za watu wa kujitolea. Kwenye majaribio, kompyuta 500 hivi za kujitolea zilifanya kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150. Mradi ulidumu hadi 2016.

Nafurahia hadithi hiyo na inanichoma kidogo pia. Kebo za baharini za intaneti zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo sisi tulikuwa na saiba ya shilingi kwa dakika, kwa hiyo malaria ya Afrika ilikuwa inapigiwa hesabu usiku kwenye vyumba vya kulala vya Ulaya na Marekani. Ahsanteni sana kwao, kwa kweli. Lakini jina Africa@home lilikuwa na utani ndani yake.

Kwa nini kazi hii inagawanyika kirahisi hivyo? Mfano wake uko nje ya dirisha langu. Wachuma chai wanapoingia shambani kila mmoja anapewa mstari wake. Hahitaji kumsubiri jirani wala kumuuliza kitu. Anajaza kikapu, anapeleka kwa karani, karani anapima na kuandika. Ukiongeza wachumaji mara mbili unamaliza karibu mara mbili haraka. OpenMalaria iko hivyo: kila uigaji ni mstari wake, na seva kuu ni karani. Modeli za hali ya hewa ni kinyume, hizo ni kama kiwanda cha chai chenyewe. Majani yananyaushwa, yanasagwa, yanachachuka, yanakaushwa, na mtambo mmoja ukichelewa wote wanasimama. Huko kila prosesa lazima izungumze na jirani yake kila hatua, na nyaya za bei rahisi kama zangu zinakufa. Kwa hiyo ukiwa na klasta ya mitumba, chagua kazi za kuchuma, waachie wenye pesa kazi za kiwanda.

Kusakinisha OpenMalaria kwenye klasta ndogo ya Linux si ushujaa. Imeandikwa kwa C++ na msimbo uko wazi. Kabla ya kuijenga unahitaji CMake, maktaba ya hesabu ya GSL, Xerces-C ya kusoma faili za XML, na XSD ya CodeSynthesis inayogeuza muundo wa XML kuwa msimbo. Hiyo ya mwisho ndiyo huwasumbua watu, kwa sababu kwenye baadhi ya mifumo kuna programu nyingine kabisa yenye jina hilo hilo. Ijenge mara moja kwenye kompyuta kuu, iweke kwenye folda ambayo kompyuta zote zinaiona kwa NFS, halafu Slurm ikugawie kazi. Kila uigaji upewe folda yake mwenyewe, la sivyo matokeo yatakanyagana. Gawanya kazi ziwe fupi, za dakika na si za siku, maana stima huku hupotea mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, na Kericho ni mojawapo ya sehemu zenye mvua ya mawe nyingi kabisa duniani. Kazi ikiwa fupi unapoteza kidogo.

Ukishafika hapo, programu inakuuliza swali ambalo klasta haiwezi kulijibu. OpenMalaria haikuulizi joto. Inakuuliza: mtu wa kijiji hiki huumwa mara ngapi kwa mwaka na mbu mwenye vimelea, na miezi ipi zaidi? Namba hiyo haipatikani kwenye intaneti. Lazima mtu alale na mitego ya mbu, azihesabu, azichane maabara. Mwaka 2012 Erin Stuckey na wenzake, wakiwemo watafiti Wakenya, walitumia OpenMalaria kwa milima ya magharibi ya Kenya, Rachuonyo Kusini, ambako si mbali na Bomet ukivuka Sotik. Hawakutegemea modeli moja, walitumia kundi la modeli 14 zinazotofautiana katika dhana zao, ili waone majibu yanakubaliana wapi. Zidisha 14 kwa mipango ya udhibiti, zidisha kwa marudio ya bahati nasibu, utaona kwa nini klasta ilihitajika. Lakini namba za kuanzia zilitoka uwanjani, nyumba kwa nyumba.

Turudi kwenye ubishi wa joto, maana tuliuacha mwaka 2006 bila mshindi. Aliyeusogeza hakuja na kompyuta kubwa zaidi. Mwaka 2011 Judy Omumbo, mwanasayansi Mkenya, pamoja na Bradfield Lyon, Samuel Waweru wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, Stephen Connor na Madeleine Thomson, walichapisha makala katika Malaria Journal. Waliacha miraba. Walikwenda kwenye kituo chenyewe cha hali ya hewa cha Kericho, wakachukua vipimo vya kila siku kuanzia Januari 1979 hadi Desemba 2009, wakavikagua kwa makini kuondoa makosa, kisha wakauliza kama joto limepanda. Limepanda: kama digrii 0.2 kwa kila miaka kumi, kwa joto la juu la mchana, la chini la usiku na la wastani. Kwa miaka 30 hiyo ni digrii 0.6. Nusu digrii yetu, na chenji.

Naomba mtulie hapo kidogo. Miaka 30 kuna mtu, au watu kadhaa waliopokezana, waliokwenda kwenye kisanduku cheupe kila siku, wakasoma kipimajoto, wakaandika daftarini. Sikukuu, uchaguzi, mgomo, mvua ya mawe, mtu alikwenda. Majina yao hayako kwenye makala yoyote niliyosoma. Wasingekwenda, tungekuwa na miraba tu, na modeli za aina zote zingeendelea kupigana juu ya namba za kukisia.

Mwaka huo huo David Alonso, Menno Bouma na Pascual walitumia modeli inayounganisha mbu na watu, wakailinganisha na rekodi za wagonjwa wa Kericho. Ujanja wao ni rahisi na napendekeza kila mwanafunzi auige: endesha programu na joto jinsi lilivyokuwa, kisha iendeshe tena na joto lile lile ukiwa umeondoa mwelekeo wake wa kupanda, vingine vyote vibaki vile vile. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo mchango wa kupanda kwa joto. Walihitimisha kwamba badiliko la joto lilikuwa limeshachangia kwa kiasi kikubwa kuongezeka kwa malaria huko.

Je, basi Hay na wenzake walikuwa wamekosea tu? Hapa kisa kinakuwa kitamu. Mwaka 2011 pia, David Stern pamoja na Hay mwenyewe, Robert Snow na wengine walirudi kwenye hifadhidata ya East Anglia. Safari hii walichukua matoleo matatu tofauti ya hifadhidata ile ile, wakayapitisha kwenye kipimo kimoja. Kwa kipindi kinachoishia mwaka 1996, toleo la zamani halikuonyesha kupanda kwa joto. Matoleo mapya yalionyesha, kwa mahali pale pale na miaka ile ile. Historia ilikuwa haijabadilika, faili lilikuwa limebadilika. Walipima pia data ya kituo cha Kericho: kuanzia 1979 hadi 1995 hakuna mwelekeo wa uhakika, lakini ukiongeza miaka hadi 2009 upo waziwazi. Kwa hiyo waliosoma faili la mwaka 2002 walisoma sawasawa kile kilichokuwemo. Ninawaheshimu kwa kurudi wenyewe kukagua.

Na waliongeza jambo ambalo lingemwaibisha yeyote aliyeandika programu ya joto peke yake. Joto la Kericho liliendelea kupanda miaka ya 2000, lakini wagonjwa wa malaria hospitalini, waliokuwa wameongezeka katika milipuko ya kuanzia 1994 hadi 2002, walirudi kuwa wachache. Vyandarua vilivyotiwa dawa vilikuwa vimegawiwa kwa wingi, dawa mseto ya artemether na lumefantrine ilikuwa imeanza kutolewa mwaka 2006, na nyumba zilikuwa zikipuliziwa. Ile mistari yangu miwili ya juu, ukiilisha joto la mwaka 2009, ingekutabiria balaa.

Kwenye klasta yangu siku hizi kila folda ya matokeo ina jina lenye mambo matatu: toleo la programu, toleo la data, na tarehe niliyoipakua. Majina yanakuwa marefu ya kuchosha. Wiki ijayo nitaweka hapa hati ndogo inayoyaandika yenyewe, pamoja na ile ya kugawa kazi kwa Slurm, na mwenye data ya kituo cha hali ya hewa cha Bomet yenye zaidi ya miaka kumi tafadhali aniandikie, nina kompyuta nne zinazongoja kazi.